Mfereji Uliopinda Temeke

Watu husema serikali ni kubwa. Mie niliiona imesimama uani kwetu Temeke, enzi za Mwingereza, na ilikuwa watu watatu tu: Mzungu wa barabara, askari mmoja na jumbe wetu. Mikono ya kuchimba ilikuwa yetu.

Nilikuwa nimerudi kwa mama kujifungua mtoto wangu wa kwanza, na arobaini ilikuwa bado. Wakaja kupigilia vigingi, kimoja mbele ya mlango, kingine nyuma ya jiko. Mzungu akasema mfereji wa maji ya mvua lazima unyooke, kwa hiyo nyumba itavunjwa. Baba akauliza, sie twende wapi? Akajibiwa kwamba hilo halihusu idara yake. Mpaka leo nikikumbuka jibu lile nachemka.

Vibarua walichimba siku tatu, wakabakiza hatua chache kufika mlangoni. Asubuhi ya siku ya nne walikuja na jumbe, Mzungu na askari, wakamkuta baba amelala chali ndani ya mfereji, mikono kifuani.

Baba alikuwa Mnyamwezi na jumbe Mzaramo, watani tangu zama za misafara. Na kwa watani, msibani, mmoja akishuka kaburini hatoki mpaka apewe ada anayoitaka, wala haruhusiwi mtu kumkasirikia.

"Mtani," baba akasema, macho kafumba, "umeshanichimbia. Unangoja nini kunizika?"

Jumbe alijizuia kucheka, akashindwa. "Toka humo, mpagazi wee. Unataka ada gani?"

"Nyumba yangu."

Kicheko kikakatika. Vibarua, karibu wote Wazaramo, wakaweka majembe chini. Mzungu akafoka kwa Kiswahili chake cha bomani, wao hawakuyagusa. Sisemi walikuwa mashujaa. Nani atathubutu kumfukia mtani ambaye hajapewa ada yake? Basi bwana mkubwa akashika jembe mwenyewe. Akapiga mara nne, tano, shati likamgandia mgongoni, akalitupa jembe. Hapo ndipo nilipoijua serikali: bila sie, hata shimo haichimbi.

Askari akamtoa baba kwa kumburura. Alifungwa miezi miwili kwa kuzuia kazi ya serikali. Mchana uleule mama aling'oa vigingi vyote, akavitia jikoni, akanipikia uji wa uzazi. Niliunywa kwa raha zangu zote, sifichi.

Wiki ya tatu ya kifungo chake wakaletwa wafungwa kumalizia kazi. Mzungu alikuwa na shughuli upande wa Kipawa, akamwachia msimamizi wa jela ambaye hajapata kufika kwetu. Wafungwa wakaja kwa mstari, na wa mbele, kichwa kimenyolewa, kaptula ya jela inampwaya, alikuwa baba yangu. Kama walimchagua makusudi au hawakujua, sijui. Nilimkumbatia mwanangu nikalia kwa hasira. Walikuwa wamemleta avunje nyumba yake kwa mikono yake.

Msimamizi akatafuta vigingi, asione hata kimoja. Akaagiza jumbe aitwe.

"Mfereji unapita wapi hapa?"

Jumbe alikuwa na mengi ya kupoteza: cheo, mshahara, heshima ya bomani. Alimtazama baba. Akautazama mlango wetu, mie nimesimama pale na kichanga. Kisha akashusha bakora yake ardhini, akaanza kuchora mstari taratibu. Akakwepa mlango, akazunguka ukuta wa jiko, akapita nyuma ya choo, akatokea upande wa pili.

"Unapita hapa," akasema.

Msimamizi akakuna kichwa, akawaamuru waanze. Baba hakusema ahsante, mtani hashukuriwi. Aliinama, akaukagua ule mstari kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Umechora kama mlevi," akamwambia jumbe. Akatemea mate viganjani, akaanza kuchimba.