Mtoto wa Jirani Chini ya Mkaratusi

Mtoto wangu wa kwanza alikataa kulala mchana. Kabisa! Ukimbeba anatulia, ukimshusha anapasua nyumba kwa kilio. Nilifua naye mgongoni, nikapika naye mgongoni. Nilikuwa na hasira na kila mtu, hasa waliokuwa wanalala.

Miaka hiyo ya tisini, mume na mke kutoka Denmaki walipanga nyumba jirani na yetu, Naro Moru, chini ya mlima, pamoja na binti yao mchanga. Asubuhi moja upepo wa mlima ulikuwa unakata masikio, nami nikaona kigari cha mtoto kimeachwa chini ya mkaratusi. Nikachungulia. Katoto kako ndani, pua nyekundu, peke yake! Dirishani namwona mama yake anakunywa kahawa, amewasha mshumaa mezani mchana kama mtu aliyekatiwa stima.

Nikakanyakua. Wangu mgongoni, mtoto wao kifuani, nikaingia bila hodi.

“Unataka kumuua na nimonia? Hata ndama tunaingiza ndani!”

Akaangalia kwanza viatu vyangu vya matope, maana kwao viatu huvuliwa mlangoni. Kisha akacheka.

“Kwetu watoto wote wanalala nje, madam.”

“Na baridi?”

“Hata theluji. Mguse shingo.”

Nikamgusa. Shingo ilikuwa na joto kama mkate uliotoka jikoni. Lakini nilikuwa nimemwamsha. Akaanza kulia, na wangu akamfuata.

Mumewe akatoka jikoni na aproni, mikono imejaa unga. “Sasa umeharibu usingizi wetu,” akasema. “Lete na wako tuwalaze wote.”

“Ati wangu? Mama mkwe atanifukuza!”

Lakini mgongo ulikuwa umekufa. Tukamvisha kofia ya sufu, tukawalaza wote kwenye kigari chini ya mti, mmoja huku, mwingine kule, tukawafunika kwa blanketi zito. Wangu akanung'unika kidogo. Halafu, kimya. Miezi yote hiyo nilikuwa namwimbia, na alichotaka ni upepo tu! Nilikasirika hadi nikacheka. Nikavua viatu, nikapewa mkate mweusi mchachu, na kabla sijaumaliza nikalala palepale mezani.

Niliamshwa na sauti ya mama mkwe huko nje: “Ni nani ametupa mjukuu wangu chini ya mti kama gunia la viazi?”

Nikatoka mbio miguu mitupu.

“Shh! Mama, tafadhali, usinipigie kelele hapa!” Nikamshika mkono, nikauingiza chini ya blanketi. “Mguse shingo.”