Koo la Mama Pole

Kuna watu sauti yao ndiyo mtaji wao, na mwanamke huyu alikuwa mmoja wao. Katika chumba cha simu cha kampuni ya maji, wenzake walimwita Mama Pole, kwa sababu hakuna aliyejua kulitamka neno hilo kama yeye. Mtu anapiga simu povu linamtoka, bomba kavu tangu juzi, na bili imekuja ya kumwogesha tembo. Mama Pole anamwacha aseme mpaka achoke, kisha anamwambia, "Pole sana, mzee wangu," na yule mzee anapoa kama chai iliyosahauliwa mezani. Wengine walimaliza kwa kumwombea dua. Mmoja aliwahi kumuuliza kama ameolewa, akajibiwa kwamba swali hilo halihusiani na mita yake.

Ameolewa, tena kwa mapenzi. Mumewe ni fundi wa friji, mtu mrefu, mpole, mwenye alama za kuungua kwenye vidole. Mkewe mwenyewe alimwita Fundi. Mwanzoni hawakuwa hata na kochi, walikaa kwenye mkeka wakizungumza mpaka chungu kinaungua jikoni. Fundi alizisimulia friji zake kama mtu anayesimulia ugonjwa wa jirani. "Ile ya duka la nyama," angesema, "ilikuwa inakohoa usiku kucha, masikini. Kumbe imebanwa na ukuta, haipumui." Na mkewe angecheka mpaka ashike mbavu. Hawakujaliwa mtoto, lakini nyumba yao haikuwahi kukosa kelele.

Halafu koo likaharibika.

Ni ugonjwa wa kazi ile, ya kusema kuanzia asubuhi mpaka jua linaelekea kuzama. Sauti ilianza kukwaruza, ikafuata kukatika, mwisho ikatoka kama upepo kwenye tundu la ufunguo. Daktari alichungulia, akasema nyuzi za sauti zimeota vinundu. "Sauti ya kazini huwezi kuipunguza, watakufukuza," akamwambia. "Basi punguza ya nyumbani. Ukivuka kizingiti, funga mdomo." Fundi alikuwa amekaa pembeni. Aliyapokea maneno yale kama mtu anayekabidhiwa dawa ya kumpa mgonjwa.

Na dawa aliitoa kwelikweli. Redio aliizima. Alimuuliza mkewe maswali ya kujibiwa kwa kichwa tu. Jirani akija, Fundi anamzuia mlangoni: "Mama yuko kwenye dozi ya kimya, rudi wiki ijayo." Akiosha vyombo, alitandika kitambaa ndani ya karai ili sufuria zisigongane. Wakaanza kuandikiana meseji, mmoja jikoni, mwingine sebuleni. Chumvi iko wapi? Nyuma ya sukari. Walicheka bila sauti, mabega yakitikisika, na kama hayo si mapenzi basi mapenzi sijui ni nini.

Koo likapona.

Siku ya kwenda kuangaliwa alikwenda peke yake, maana Fundi alikuwa kazini. Daktari akamwambia amepona, aseme atakavyo. Mama Pole alirudi nyumbani habari ile ikimwasha ulimini. Akamkuta Fundi ameshapika, sahani imefunikwa, taa imepunguzwa mwanga. Hakuulizwa kitu. Aliketi, na kimya kile kikamshukia usoni kama kitambaa cha maji baridi, baada ya siku nzima ya hasira za watu asiowajua. Akajiambia: nipumzike leo tu. Kesho nitamwambia.

Kesho ikazaa kesho kutwa. Uongo wa maneno una tabu zake, leo umesema hili, kesho ukumbuke ulisema nini. Uongo wa kimya hauna pa kujikwaa. Miezi ikapita. Kimya kiliingia nyumba ile kama mgeni mwenye sababu zake, sababu zikaisha, mgeni akabaki na kiti chake mezani. Mama Pole hakuacha kumpenda mumewe. Aliipenda raha ya kutodaiwa neno, na hakujua kwamba mwenzake wakati huo alikuwa anakauka.

Asubuhi moja, mnamo saa nne, laini zikiwa zimetulia, simu ikaingia mezani kwake.

"Habari za asubuhi, hapa ni kampuni ya maji, nikusaidie nini?"

Hakujibiwa. Akasikia pumzi tu, na pumzi ile alilala nayo mto mmoja, hangeikosea.

"Nilitaka kujua," sauti ikasema polepole, "kama mtaani kwetu maji yatakatika leo." Kisha ikataja namba ya mita ya nyumba yake mwenyewe.

Chumba kile kilikuwa na sheria zake. Msimamizi, mwanamume wa makamo aliyependa kutembea na kikombe cha chai, aliweza kusikiliza simu yoyote wakati wowote. Mhudumu haruhusiwi kumkatia mteja. Na ndugu, jamaa na wapenzi hawapigi laini ya kazi, kuna binti aliyefukuzwa mwaka uliotangulia kwa kosa la kumwambia mchumba wake "baadaye, mpenzi."

"Hayatakatika, baba," akasema.

"Asante. Unaongea vizuri sana, dada."

"Karibu tena."

Jioni alirudi nyumbani. Ameshajua, akawaza, leo ataniuliza. Fundi alinawa, akala, akafuta meza. Mama Pole alimngoja mumewe aanze, mumewe akamngoja yeye. Mwisho simu yake ikalia meseji: Sabuni imebaki? Akaandika: Ipo.

Kuanzia hapo Fundi akawa anapiga karibu kila siku, akiomba aunganishwe na mhudumu yuleyule. Anataja namba ya mita, anauliza swali la maji kwa heshima ya kanuni, kisha anaanza: "Jana nimeitwa kwenye duka la dawa. Friji yao inajaa barafu kama ndevu za mzee." Naye Mama Pole, macho kwenye skrini, anasema, "Enhe. Pole sana, baba. Ikawaje?" Na Fundi anaeleza ikawaje. Alicheka kule upande wa pili, kicheko ambacho mkewe hakukisikia nyumbani kwa muda mrefu. Mama Pole akajikuta anajitazama kwenye kioo na kupaka wanja kabla ya saa nne, kama vile simu ina macho.

"Mteja wako leo amechelewa," jirani yake wa meza ya pili alimtania siku moja. "Maji ya mtu yule yana maneno."

"Ni mtu mzima, ana upweke."

"Upweke kwenye laini ya maji? Si aoe."

Mama Pole alicheka, kisha kicheko kikamkwama. Mchana walikuwa wachumba kwenye laini ya kampuni, jioni wapangaji wawili wanaopishana koridoni. Na kila mmoja alisema moyoni: mwenzangu akianza, nami nitaanza.

Alhamisi moja simu iliingia mapema. Fundi hakutaja mita.

"Nimeitwa kazi," akasema. "Kiwanda cha kugandisha samaki, mji wa mbali. Wanataka nikae hukohuko, nitunze mashine zao. Mkataba ni wa miaka, na jibu wanalitaka leo jioni."

Mama Pole alifungua mdomo, akahisi harufu ya chai. Msimamizi alikuwa nyuma ya kiti chake, kisikizio sikioni, anakoroga kikombe.

"Mimi sitaki kwenda," Fundi akaendelea. "Lakini kwangu nikitoka, sijui kama kuna mtu atakayejua nimetoka. Niambie nisiende. Ukiniambia, siendi."

"Baba," akasema, na sauti yake ile ya asali haikutikisika hata kidogo, "jambo hilo liko nje ya huduma zetu. Kuna lingine kuhusu maji?"

Pumzi ikavutwa, ikaachwa.

"Najua uko kazini. Basi niambie nyumbani. Nitakaa pale mezani nikungoje. Neno moja linatosha, hata la kunong'ona."

"Asante kwa kupiga simu."

Fundi hakukata upesi. Mkewe naye hakuruhusiwa kukata. Wakabaki hivyo, msimamizi akisikiliza, mpaka laini ikafa yenyewe.

"Mteja wa namna gani huyu?" msimamizi akauliza.

"Mpweke tu, bosi."

"Akipiga tena mpe namba ya ustawi wa jamii. Laini hii ni ya mabomba."

Njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa analitafuna neno lile. Usiende. Alilisema akivuka barabara, akalisema akipanda ngazi, mpaka mama mmoja aliyekuwa anashuka akamtazama mara mbili. Akafungua mlango.

Fundi alikuwa mezani. Amevaa shati lililopigwa pasi, mikono juu ya meza, simu kati ya mikono. Hakuwa amefungasha hata soksi. Alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu anayetia maji mmea aliokwisha kuukatia tamaa.

"Nimewaambia wanisubiri," akasema. "Sijawajibu. Nakusikiliza wewe."

Mama Pole alisimama, mkoba begani. Neno lilikuwa tayari, liko mdomoni, lina joto. Lakini nyuma yake yakaja mengine yote. Nikisema, ataniuliza nilipona lini. Nitamjibu nini? Nitamwambia jioni zote zile alizotembea kwa ncha za vidole, redio aliyoizima, kitambaa alichotandika ndani ya karai, alikuwa anamuuguza mtu mzima wa afya? Fundi alikuwa anajua, mwenye kumsikia kila asubuhi angekosaje kujua? Ila aibu haina akili ya kupiga hesabu hiyo. Aibu huona mlango mmoja tu, ule uliozoeleka.

Mkono ukapanda wenyewe. Ukagusa koo.

Fundi aliutazama mkono ule muda mrefu. Tabasamu likaondoka taratibu, bila hasira.

"Sawa," akasema. "Pole." Akachukua simu, akatoka nje kujibu.

Asubuhi aliondoka na begi moja. Mlangoni alimshika mkewe bega, akalibonyeza kidogo, kama anavyojaribu mlango wa friji kama umefunga sawasawa. Mama Pole alikwenda kazini. Saa nne ikaja, ikapita. Mchana aliandika: Safari njema. Akajibiwa: Asante.

Wiki iliyofuata wifi yake akaja kuchukua vifaa. Huyu ni dada mkubwa wa Fundi, muuza vitambaa, mwanamke wa kicheko kinachofika kabla yake. Siku hiyo kicheko alikiacha kwake. Alikusanya mitungi ya gesi, bisibisi na mipira, akavipanga mlangoni, kisha akaketi bila kukaribishwa.

"Wifi, nikuulize kitu, usinijibu kwa kichwa. Koo lako lilipona lini?"

Mama Pole akatazama sakafu. "Siku nyingi."

"Alikuwa anajua."

"Nilijua anajua. Nani alimwambia?"

"Mimi, nani mwingine? Nilipiga simu kwenu, dukani bomba limepasuka. Nakusikia unanibembeleza kama kinanda, hata hukunitambua. Nikamfuata kazini kwake, nikamwambia, mdogo wangu, mkeo anaimba mchana, usiku anauguzwa. Nilidhani atakuja juu. Unajua alisema nini?"

"Alisemaje?"

"Alisema, 'Basi nami nitapiga, nikamsikie.'" Wifi akajifuta jasho, au labda halikuwa jasho. "Kakaa miezi anagonga dirishani kwa sababu mlango wa mbele umeufunga. Nikamwambia msute. Akasema mwanamke hasutwi mpaka aseme, atasema mwenyewe. Mdogo wangu ni mjinga, lakini ni mjinga wako."

Wifi alipoondoka, Mama Pole alikaa kwenye kiti cha Fundi. Hakuandika meseji. Alipiga.

Fundi alipokea. Nyuma yake mashine zilivuma. Na Mama Pole akasema yote, kwa sauti yake ya kweli, isiyo na asali, inayopanda na kushuka. Alisema amepona zamani. Alisema kimya kilikuwa kitamu, akakionea haya, akakifanya ugonjwa. Alisema wanja alioupaka. Alisema usiende, rudi, usiende, akijua amekwisha kwenda. Fundi hakumkatiza.

"Umemaliza?" akauliza mwishoni, kwa upole uleule.

"Nimemaliza."

"Nimekusikia. Sina kinyongo, mke wangu, amini hivyo. Alhamisi ile ningelisikia nusu tu ya haya, ningewaambia watu hawa hapana na kulala kwangu." Akatafuta namna ya kulisema bila kuumiza. "Lakini huku wamenipa chumba. Nikirudi jioni nafunga mlango, hakuna anayenitazama nikisubiri aseme. Nimelala, Mama. Miezi ile yote sikuwa nalala. Kwa hiyo nimekuelewa. Ile raha uliyoiona, nami nimeiona."

 

Sauti ya mtu ikaita huko, "Fundi, njoo uone hii, inatetemeka kama ina homa!" Na Fundi akasema, "Ngoja kidogo," akaitia simu mfukoni, bila kuizima.

Mama Pole akabaki nayo sikioni. Alisikia nguo ikisugua, hatua, mlango mzito ukifunguliwa. Kisha akamsikia mumewe akiwaeleza watu asiowajua jinsi mashine ile inavyoumwa, ilianzia wapi, inataka nini, neno baada ya neno, bila kuchoka, na watu wale wakicheka. Alikuwa na maneno mengi sana. Mwanamke akaegemea meza na kusikiliza, akingoja mumewe akumbuke kwamba yeye bado yuko hapo.