Herufi L Ilimkata Kaka Yangu Mguu, Lawama Nikabeba Mimi

Admin, jina langu lifiche kabisa, na mtaa wangu usiutaje. Sema tu ni mama wa Kampala. Nina miaka sabini na minne, nina wajukuu tisa, na leo ni siku ya nne sijampakulia mume wangu chakula. Ajipakulie. Mikono anayo.

Mimi ni mtoto wa kambini. Baba alikuwa polisi, kwetu ni kaskazini, Kiswahili ndicho kilichotulea. Wakati ule wa utawala wa wanajeshi nilikuwa taipisti, na kaka yangu alikuwa dereva wa mashindano ya magari, yale ya masafa marefu, siku tatu mchangani na kwenye mawe. Mimi nilikuwa msoma njia wake. Msoma njia anakaa kando ya dereva na daftari, anamwambia kona inayokuja kabla hajaiona. Watu walitucheka, eti mwanamke atapoteza gari. Kaka aliwajibu, "Macho yangu ni huyu."

Mwaka ule njia ilipita Karamoja, nchi kavu ambako mto ni mchanga mtupu. Tulitangulia kwenda kuipima, nikaandika kila kona kwa hati mkato yetu ya ofisini. Tuliporudi Kampala, kapteni mmoja aliyewekwa kusimamia timu akasema mwanamke hataonekana ndani ya gari la taifa. Hakuuliza, alisema. Kiti changu akapewa kijana Mganda wa Mengo aliyekuwa akiuza spea, mcheshi, mpole. Huyo nimwite Baba Sofi, maana baadaye ndiye aliyenioa.

Hati mkato yangu niliisoma mimi peke yangu. Basi nikaketi naye mchana mzima, namsomea, anaandika kwenye daftari lake. Sisi wa magari, kushoto tulisema lefti, kulia tukasema raiti. Nilisoma polepole: "Lefti, jiwe. Raiti, shuka mtoni." Naye anaitikia kila neno, "Lefti. Laiti." Ulimi wa kwao haubagui r na l, tulizoea, tulikuwa tukimtania. Nikamuuliza, "Umeandika yote?" Akasema, "Yote, nyabo," yaani bibi. Sikuchungulia daftari. Banange, jamani, sikuchungulia!

Siku ya kwanza walifika salama, kwa sababu kona zilionekana kwa macho, kaka hakuhitaji daftari. Siku ya pili gari la mbele likatimua vumbi, kaka haoni hata boneti yake. Akauliza njia. Akaambiwa lefti. Njia ya kushuka mtoni ilikuwa kulia, kushoto ni korongo. Gari likabiringika. Baba Sofi alitoka na mkwaruzo kidevuni. Kaka akakatwa mguu juu ya goti, na hakuendesha tena.

Kapteni akataka mtu wa kulaumu. Baba Sofi akasema, mbele ya baba yangu, "Mimi nilisoma vile dada alinisomea." Nikaitwa mhujumu, maana hati mkato yangu hakuna mwingine aliyeweza kuisoma anitetee. Nilifungiwa siku sita, na enzi zile mtu akifungiwa siku sita, nyumbani wanaanza kumlilia. Nilitoka kwa sababu baba alimpigia magoti kapteni, kijana wa kumzaa. Kaka aliniambia neno moja tu kitandani: "Umeniuza kwa sababu ya kiti." Tangu siku hiyo hanywi chai niliyopika mimi. Kwenye matanga ya baba, kwenye harusi za wanangu, anakaa, anacheka na watu, kikombe changu anakisukuma kando.

Na nani alikuja kunifuta machozi? Huyo huyo! Kila jioni, na pole zake nyingi. "Usilie, kukosea ni ubinadamu." Mtu ananisamehe kosa lake mwenyewe! Nami mjinga nikamwona malaika, nikaolewa.

Wiki hii natafuta kitambulisho chake kwenye sanduku la bati, nikakuta lile daftari lake la njia. Nikalifungua. Kurasa zote, kona zote, L, L, L. Hakuna R hata moja. Lefti kaandika L, na raiti, vile alivyoisikia, kaandika L. Nilikaa sakafuni.

Nilimtupia mapajani. Akalia. "Mama Sofi, kweri, kosa niliona siku ile ile. Lakini kapteni iko na bastola mezani." Nikamwambia, "Kapteni alikimbia nchi wanajeshi walipoanguka! Miaka yote baada ya hapo, bastola ilikuwa mezani kwa nani? Kwangu?" Nikamuuliza mbona hakulichoma. "Nilishindwa. Hii daftali tu ndiyo inasema kweri." Mzee mzima! Ukweli umeukunja pamoja na suti zako, mkeo anaitwa msaliti mezani pako mwenyewe na wewe unaomba chumvi!

Sasa ninakokwama ni hapa. Kaka ni mgonjwa, presha na moyo. Anayempeleka kliniki Mulago kila mwezi, anayemshika mkono kwenye ngazi, ni Baba Sofi. Kaka husema, "Shemeji ndiye ndugu niliyebaki naye." Nikimwonyesha daftari namnyang'anya huyo ndugu, na moyo wake sijui kama utastahimili. Nikinyamaza, mmoja wetu atazikwa nikiwa bado msaliti. Baba Sofi ananiambia, "Sisi ni wazee, acha tu." Niache? Wa kuacha ni mimi kila siku?

Jumapili kaka anakuja kula kwetu. Chai nitapika mimi. Daftari liko kwenye mkoba wangu, siku nne sijaachana nalo. Kiswahili chetu cha kambini kina neno laiti, la mtu anayejuta. Laiti ningechungulia. Sitaki kulisema tena neno hilo mbele ya jeneza. Nishaurini, jamani: kwenye sinia ya chai niweke kikombe peke yake, au niweke na daftari?