Dereva wa Kombaini Ana Bahati

Jumanne nilipanga foleni kwenye ofisi moja ya elimu huku Hanang, nyuma ya mwalimu kijana wa hesabu na sayansi kutoka shule ya Gitting. Mikono yake ilikuwa bado na vumbi la chaki.

"Shikamoo, mzee. Nimefuata ile semina ya walimu wapya," alimwambia karani.

"Marahaba. Ilishapita," karani alijibu bila kuinua macho.

"Lini?"

"Kabla hujaajiriwa."

"Basi nipeni mwalimu mzoefu akae nami darasani, hata wiki moja. Umeme naufundisha kwa kuchora betri ubaoni."

"Mzoefu wa shule yenu ni wewe. Wenzako wote wamehama." Akamsukumia boksi la chaki.

Kwenye mashamba ya ngano ya serikali, dereva mpya wa kombaini, ile mashine kubwa ya kuvunia, haachiwi usukani. Hukaa msimu mzima ubavuni mwa dereva mzoefu, maana mashine ikiharibika wakubwa watauliza. Darasa zima likiharibika, nani atauliza?

Mwalimu aliliacha boksi mezani, akanigeukia.

"Shikamoo, mzee. Kule kwenye mashamba ya ngano bado wanachukua madereva?"

Nikamwelekeza njia. Mjukuu wangu anasoma Gitting.