Jinsi Nilivyoacha Maziwa

Kabla sijaeleza aibu yenyewe, ni haki hali ilivyokuwa ijulikane. Tumbo langu lilikuwa likijaa gesi na kunguruma, hata nilipokuwa nikisoma somo kanisani Butiama. Daktari mmoja wa Musoma alishuku kwamba mwili wangu haumeng'enyi sukari iliyomo katika maziwa. Akaniagiza niyaache kwa wiki mbili. Tumbo lisipotulia, ningepelekwa Mwanza kumezeshwa mpira wenye kamera, jambo nililoliogopa mno.

Nilitii kikamilifu. Hata mtindi alioniletea shemeji yangu kutoka Bunda niliukataa, naye akanuna. Tumbo likaendelea kunguruma vilevile. Nilirudi kwa daktari pamoja na mke wangu, nikamthibitishia kwa hoja zilizopangika kwamba amekosea, ingawa kila hoja ilinisogeza karibu na Mwanza.

"Sawa, Mwalimu. Asubuhi unakunywa nini?"

"Chai tu," nilijibu kwa fahari.

Mke wangu alijifunika uso kwa kanga. "Baba Nyangeta! Si unakunywaga ya maziwa, tena unaongezaga kikombe?"

Kweli. Maishani mwangu sikuwahi kuihesabu chai kuwa maziwa. Daktari alicheka mpaka akavua miwani.

Nilipokunywa chai ya rangi tu kwa wiki mbili nyingine, tumbo lilinyamaza. Niliporudi, daktari akaninywesha glasi ya maziwa palepale kliniki ili kuhakikisha. Haukupita muda mrefu, likanguruma hadi wagonjwa waliokuwa kwenye foleni wakageuka.

"Hilo hapo, daktari!" nilipaza sauti, nimesimama kama mshindi.

Safari ya Mwanza ikafutwa.