Adhabu Haina Msaragambo

Shangazi yangu alimpiga mpangaji wake kwa mwiko wa ubwabwa, akamvunja jino moja la mbele. Mahakamani alipoulizwa kama ni kweli, alijibu kuwa ni kweli, na kwamba mwiko nao ulipasuka. Hakimu aliandika la jino tu.

Kabla ya hukumu alikaa mahabusu siku kumi na moja, kwa sababu sisi wa nyumbani tulichelewa kupata wadhamini na barua ya serikali ya mtaa. Nilikwenda kumwona mara mbili. Si mtu wa kulalamika. Alinieleza kwa utulivu, kama anayenielekeza njia. Chumba chao kilijengwa kwa wanawake wachache, nao ni wengi mpaka wanalala ubavu, mgongo wa huyu kwenye tumbo la yule, na anayetaka kugeuka huwaomba wenzake wageuke naye. Kulikuwa na mama mwenye mtoto wa kunyonya. Huyo walimwachia nafasi ya dirishani, mtoto apate hewa. Askari wa kike aliyesimama kando yetu aliyasikia yote na hakumkatiza. Wakati natoka aliniambia tu kwamba wao pia wamechoka kupokea watu ambao hawana pa kuwaweka.

Kwa hiyo hakimu aliposema kifungo cha miezi mitatu atakitumikia nje, kwa kufanya usafi kwenye zahanati moja ya Ngamiani kuanzia saa moja hadi saa tano asubuhi, nilishukuru kimoyomoyo. Sharti lilikuwa moja: kazi aifanye mwenyewe. Afisa wa uangalizi angekuja kumkagua bila taarifa, na akikuta sharti limevunjwa, shangazi anarudi gerezani. Karatasi ile niliisoma mara mbili. Shangazi hakuisoma, na majirani hawakuiona.

Mtaani kwetu nyumba zimeshikana kuta. Mtu akifiwa, akiozesha, akiezeka, watu hujitokeza na vyombo vyao bila kuitwa. Kazi hiyo ya pamoja tunaiita msaragambo, na hakuna aliyewahi kutuambia kuwa iko kazi isiyofaa kusaidiwa. Jumatatu ya pili nilipita zahanati kumpelekea shangazi dawa yake ya magoti. Nikakuta wanawake tisa wameinama na fagio za chelewa, vumbi limetanda uani. Mpangaji wa jino naye alikuwepo na panga, anakata nyasi kando ya mtaro. Shangazi alikuwa amekalishwa kwenye benchi la wagonjwa, anakunywa chai ya tangawizi. Katika uwanja mzima, asiyefanya kazi alikuwa yeye.

Sikupata hata nafasi ya kuwaonya. Bodaboda ilisimama getini, akashuka afisa, binti wa Kisambaa ambaye shangazi angeweza kumzaa, faili kwapani. Akawaamkia shikamooni, wakamwitikia marahaba kwa sauti moja. Kisha akauliza mtu wake ni yupi.

Muuguzi akachungulia dirishani, akaonyesha kwa kidevu: yule aliyekaa.

Jirani yetu muuza vitumbua, ambaye ndiye aliyewakusanya watu, akaona ni vyema aeleze. "Mwanangu, tumekuja kumshika mkono mwenzetu. Kazi ya wengi huisha mapema."

"Mama, hii haitakiwi iishe mapema."

Mpangaji akadhani atasaidia. Akasogea na kusema, kwa heshima zote, kwamba aliyepigwa ni yeye na hana neno. Afisa alimwomba kwanza aliweke chini lile panga.

Kisha akatueleza, bila hasira. Alikuwa na watu wa kufuatilia kuanzia pale hadi Usagara na kwingine, na kila anayekiuka masharti anawapa nguvu wale wasemao kwamba mkosaji dawa yake ni ukuta wa gereza. Akafungua faili. "Nikiandika nilichokiona, mama anarudi ndani. Na kule ndani, mmoja akiongezeka, wote wanasogea."

Shangazi akaweka kikombe chini. Nimeishi naye tangu utotoni na sikuwahi kumwona ameogopa hadi siku ile.

"Ya leo ifute, mwanangu, nitaifanya upya," alisema. "Ila usinirudishe kwa wale wanawake. Nitawabana. Itabidi yule mwenye mtoto asogee."

Binti alirudisha kalamu mfukoni. Halafu akafunga faili, akasema siku hiyo haihesabiwi, itaongezwa mwishoni, na asimwone mtu mwingine ameshika ufagio.

Hakumwona. Lakini majirani hawakuacha kuja. Walikaa kwa zamu kwenye kivuli cha ukuta, mikono mapajani, wakimtazama mwenzao akifagia na magoti yake yale, na nadhani hukumu iliwauma wao zaidi. Siku moja muuza vitumbua alishindwa kuvumilia, akanyoosha kidole kwenye ganda la ndizi lililosahaulika nyuma ya mlango.

"Kunionyesha nako ni kunisaidia," shangazi alimwambia. "Fumba mdomo wako, utanifunga."

Ile siku ya nyongeza ilikuja baada ya miezi mitatu kutimia. Shangazi alifagia, akapiga deki baraza, akamwaga maji ya mwisho mtaroni. Saa tano afisa alitia saini, akamkabidhi karatasi kwa mikono miwili. Hakuna aliyepiga kigelegele. Wote walikuwa bado wanamtazama binti usoni, kama vile anaweza kubadili mawazo.

Muuza vitumbua akasogea taratibu mpaka karibu na ndoo ya shangazi, lakini hakuigusa.

"Mwanangu," alimuuliza afisa, "na kumbebea ndoo hadi nyumbani ni kosa?"

"Si kosa tena, mama. Mbebee."

Wakaigombania watatu.