Baiskeli Isiyopiga Hodi

Naipenda ile baiskeli ya umeme. Nimelikana jambo hili mbele ya mama, mbele ya ndugu yangu aliyeinunua, na mbele ya kikao kizima cha majirani kilichoketi uani kwetu huku Marani kuijadili. Katika kikao hicho nilisimama nikasema kwamba uwindaji una heshima yake, na heshima hiyo iko miguuni. Nilisema vizuri sana. Wazee waliitikia kwa vichwa. Kisha nikaingia kwenye gari langu nikarudi mjini Kisii, mwendo ambao babu yangu alikuwa akiutembea huku akivuta mbuzi wa kuuza.

Nieleze uwindaji wenyewe. Kuwinda wanyamapori kulipigwa marufuku nchini kabla sijajua kusoma, na hata kusingepigwa, vilima vyetu vimejaa chai, migomba na watu. Swala angepita wapi? Mawindo tuliyobaki nayo ni fuko. Huyu huishi chini ya ardhi, hula mizizi, na anaweza kuuangusha mgomba wenye mkungu bila mtu kumwona hata mkia. Mama yangu ndiye humnasa. Alifundishwa na baba yake, ingawa watu husema ni kazi ya wanaume, na huitwa kwenye kila kilima kinachoonekana kutoka mlangoni kwetu.

Mtego wake ni kijiti kilichopindwa, kamba, na kitanzi cha waya. Unaifukua njia ya fuko, unauacha upepo uingie. Fuko hapendi mlango wazi. Huja kuuziba, na kitanzi kinamngoja. Shida ni kwamba kiumbe huyu asiyeona husikia kwa ardhi. Akisikia kishindo huziba njia akiwa mbali, na siku yako imekwisha. Kwa hiyo mnasaji hukanyaga kama anayepita penye mtoto aliyelala. Mama alikuwa hodari wa mwendo huo mpaka magoti yalipomwasi. Alipoanza kutembea na mkongojo, fuko nao wakaanza kumsikia.

Ndipo ndugu yangu akaleta baiskeli. Siku ya kwanza nilimtazama mama akipanda nayo kilima: kofia ya chuma juu ya kitambaa cha kichwa, sketi imefungwa kwa leso, mitego imelala kwenye keria, na uso wake hauna hata tone la jasho. Alipita karibu nami kimya, kama mawazo. Alikofika alishuka na miguu iliyopumzika, akauacha mkongojo kwenye keria, akayaendea mashimo taratibu kama zamani. Jioni alirudi na fuko wawili. Nilijisikia kupiga makofi. Nikajizuia, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuandika makala kuhusu uzuri wa kutembea.

Lakini njia ya kwenda mashamba ya ng'ambo hupita katikati ya chai ya jirani yetu, mzee wa kanisa, mbele ya nyumba yake kabisa. Njia nyingine hushuka mpaka mtoni na kupanda tena, mwinuko ambao hata betri hukata tamaa. Bila njia ya jirani, mama angebaki kunasa fuko wa nyumbani tu, na fuko wa nyumbani alikwisha kuwamaliza.

"Mimi sina neno na umeme," jirani alisema kwenye kikao. "Hata kwangu taa ziko. Lakini pikipiki ikija naisikia kutoka barabarani, navaa shati. Hii inakuja kama mwizi. Juzi naoga nyuma ya nyumba, kuinua macho, Omong'ina huyu anapita na kofia ya chuma."

Omong'ina ndivyo tunavyomwita mama mtu mzima kwa heshima. Heshima siku hiyo ilikuwa imechujuka.

"Sikuona kitu," mama akasema. "Nilikuwa naangalia barabara."

"Pale hakuna barabara."

"Ndiyo maana niliangalia sana."

Mtu akashauri kengele. "Kengele iko," mama akajibu. "Nikiipiga anasema namfukuza kwenye shamba lake mwenyewe."

Hapo ndipo niliposimama na hotuba yangu ya miguu. Jirani alinishukuru. "Msomi amemaliza," akasema. "Apite kwa miguu kama zamani. Magurudumu hapana." Mama aliniangalia kama anavyoliangalia shimo lililozibwa.

Ili kuonyesha kwamba hana kinyongo, jirani alimwita mama mara moja aje kunasa fuko aliyekuwa akila viazi vitamu vyake. Kwa miguu. Nilimsindikiza, nikiwa nimebeba mitego na dhamiri. Magoti ya mama yalikuwa yamevimba tangu getini. Mkongojo uligonga, tup, tup, kati ya mistari ya chai. Mama alifukua njia, akatega, tukasubiri. Baadaye alitia vidole ndani, akakutana na udongo mbichi ulioshindiliwa.

"Huyu alinisikia tangu nyumbani," akasema. Aliketi juu ya kichuguu cha fuko, akaanza kukunja kamba zake polepole. Sikuwahi kumwona akikunja kamba bila kutega mahali pengine.

Baada ya hapo baiskeli ilikaa jikoni, imechajiwa, ikifutwa vumbi kila siku. Fuko wa jirani alimaliza viazi akahamia kwenye migomba.

Jumamosi moja nilikuwa nimekuja kuwasalimu. Jua lilikuwa limetua, Sabato imeisha, na mama alikuwa akichochea moto wa ugali simu yake ilipolia. Huiweka kwenye spika, kwa hiyo jikoni kote tukasikia sauti ya jirani. Aliuliza habari za ng'ombe. Akauliza habari za mvua, ambayo ilikuwa ikinyesha kwake pia. Akasifu mahubiri ya asubuhi, ambayo mama pia aliyasikia.

"Mgomba mwingine umelala," akasema mwishowe. "Wenye mkungu."

"Leo? Siku ya Sabato?"

"Fuko hana dini, Omong'ina." Kisha akauliza, "Ile kitu yako, iko na chaji?"

"Iko. Lakini nitakuja kwa miguu, kama kikao kilivyosema. Msomi wenu yuko hapa, mwulize."

Niligeukia sufuria, nikaikoroga kwa bidii ingawa maji yalikuwa hayajachemka.

"Usinitese," jirani akasema. "Njoo nayo. Kesho na siku zingine, pita tu, hata ukienda ng'ambo. Lakini ukifika getini shuka, upige hodi."

"Getini nitapiga," mama akasema, mkono wake mwingine ukiwa tayari unatafuta kofia ya chuma. "Kwa fuko sitapiga."